Nimepunguzwa kazi mara tatu, na sasa naogopa hata kufungua laptopu

Ndugu washauri,

Nina miaka 34, naishi Soweto hapa Moshi, nina mke na mtoto mmoja wa darasa la pili. Kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya kompyuta, ule upande usioonekana: databesi, seva, kuunganisha malipo ya simu. Sijawahi kupewa barua ya onyo. Barua za kwaheri nimeshapewa tatu.

Ya kwanza ilikuwa Novemba 2022, kwenye kampuni changa ya Arusha iliyokuwa ikiwauzia wakulima pembejeo kwa simu. Nilikaa miezi 22. Tuliitwa asubuhi, tukaambiwa wawekezaji wamesita, tukaondoka watu kumi na mmoja. Baada ya hapo nilifanya kazi nikiwa nyumbani kwa kampuni ya Marekani kuanzia Aprili 2023, nikilipwa kama mkandarasi. Siku moja ya Mei 2024 nikaamka akaunti ya kazini imefungwa, na kwenye anwani yangu binafsi kuna barua pepe ya mistari minne. Ya tatu ni mradi wa takwimu za afya hapahapa Moshi, pesa za wafadhili wa Marekani. Niliingia Julai 2024. Mapema mwaka huu wa 2025 pesa zikasimama, tukasukumasukuma na kilichobaki, na mwisho wa Agosti nikatolewa kwa notisi ya wiki moja kabla mkataba haujaisha. Mshahara ulikuwa 1,800,000 kabla ya makato. Leo ni wiki ya tatu tangu nitoke.

Akiba ninayo 4,200,000. Nyumba inakula 1,150,000 kwa mwezi pamoja na kodi ya pango. Mke wangu ni mwalimu, mkononi anapata kama 600,000.

Lakini kinachoninyima usingizi si pesa. Nikifungua laptopu nifanye hata kitu kidogo, naganda. Nimejiandikisha kozi nne za mtandaoni, hakuna niliyofika nusu. Nikiona tangazo la kazi nasoma masharti mpaka nipate moja nisilokuwa nalo, nafunga. Nimeanza kuamini kuna kitu wanakiona kwangu ambacho mimi sikioni. Mara tatu haiwezi kuwa bahati mbaya. Mjomba anasema nifungue duka la vifaa vya simu karibu na stendi. Na Desemba inakuja, tutapanda nyumbani Marangu kama kila mwaka, na mezani kila mtu ataulizwa siku hizi yuko wapi.

Niachane na kazi hii? Na nisipoachana nayo, naanzia wapi?

Fundi asiye na karakana, Soweto, Moshi

*

Pole sana, kaka. Kabla ya yote chukua kalenda, maana ukiwa wiki ya tatu umebakiwa na siku chache za kufanya jambo ambalo mwezi ujao litakuwa gumu.

Anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Wewe ulipewa wiki. Kifungu cha 38 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa ya nia yake mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi juu ya nani anaondoka na kwa vigezo gani. Mfadhili kukauka ni sababu inayoeleweka, ila haimwondolei mwajiri wajibu wa kufuata utaratibu. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, ukomo miaka 10. Una mwaka mmoja uliokamilika, kwa hiyo kama hiyo 1,800,000 yote ni mshahara wa msingi na ukiigawa kwa siku 26, unadai kama 485,000. Ongeza siku za likizo ulizoziacha, na hati ya utumishi, ambayo ni haki yako kupewa.

Andika barua ya ukurasa mmoja wiki hii, kwa lugha ya upole, kila dai na kiasi chake, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usisubiri majibu huku siku zinakwenda: mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Ukifika siku ya 31 utaanza kwa kuomba usamehewe kuchelewa, na hilo nalo ni shauri lake. Watu wengi wanaogopa kwamba kudai kutawachafulia jina. Hatua ya kwanza CMA ni kikao cha usuluhishi, mnakaa na msuluhishi mnaangalia karatasi, na madai ya notisi na likizo ni hesabu tu.

Ukitoka hapo nenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kuna fao la kukosa ajira kwa mwanachama aliyechangia miezi isiyopungua 18 na ambaye hakuacha kazi mwenyewe: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Miezi 22 ya Arusha na 14 ya Moshi inafanya 36, ilimradi waajiri hao walipeleka michango kweli. Miezi ya Marekani haimo. Chapisha taarifa yako ya michango na uihesabu mwezi kwa mwezi kabla ya kuomba. Kampuni changa ikianza kukosa pesa, mara nyingi mchango wa NSSF ndio wa kwanza kurukwa, na ni rahisi kulifuatilia pengo ukiwa na karatasi za mishahara mkononi.

Sasa tazama hesabu yako. Tunahisi umegawa akiba kwa matumizi yote ukapata miezi mitatu na nusu, ukaogopa. Lakini mke wako analeta 600,000, kwa hiyo pengo la nyumba ni 550,000. Fao la 33.3 kwa mshahara wako ni kama 599,000. Kwa miezi sita linaziba pengo lote na akiba haiguswi. Baada ya hapo 4,200,000 inakubeba miezi mingine saba. Hiyo ni zaidi ya mwaka, na mtu mwenye mwaka hachagui kazi kama mtu mwenye miezi mitatu. Usiiingize akiba hiyo kwenye duka. Hatulidharau duka, ila 4,200,000 ikishageuka kava na chaja huwezi kuila, na ungekuwa mgeni katika biashara ambayo wa jirani yako wameifanya miaka kumi.

Turudi kwenye hicho unachodhani wanakiona kwako.

Anza na barua ya kwanza. Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba kutoka karibu sifuri, ikafika asilimia 5.25 hadi 5.50 Julai 2023. Mwenye mabilioni akiweza kupata asilimia tano kwa kuikopesha serikali tu, hana haraka ya kuyapeleka kwenye kampuni inayouza mbolea chini ya gharama ikisubiri awamu ijayo ya wawekezaji. Mwezi uleule uliotolewa wewe, Novemba 2022, Meta ilipunguza watu zaidi ya 11,000. Januari 2023 Google ikatangaza 12,000.

Ya pili ina jambo ambalo hata wenzako wengi mnaofanya kazi za nje hamkuambiwa. Kuanzia mwaka wa kodi 2022, sheria ya Marekani iliacha kuruhusu kampuni kuhesabu gharama za kutengeneza programu zote kwa mwaka mmoja. Kazi iliyofanyika kwao ikawa inagawanywa kwa miaka 5, iliyofanyika nje ya nchi kwa miaka 15, na mwaka wa kwanza unahesabika nusu. Chukua mfano wa fundi wa Moshi anayelipwa dola 24,000 kwa mwaka: mwaka wa kwanza kampuni inaruhusiwa kutoa dola 800 tu kama gharama. Dola 23,200 zilizobaki, ambazo fundi keshazila, kwenye vitabu vya kodi zinaonekana kama faida. Julai 2025 walirudisha unafuu kwa kazi za ndani ya Marekani. Kwa kazi za nje miaka 15 imebaki palepale. Changanya hilo na mkandarasi asiye na notisi wala kiinua mgongo, na utaona kwa nini wa mbali hukatwa kwanza, awe hodari au asiwe.

Ya tatu unaijua. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na mengi hayakurudi. Madereva, wahasibu na wauguzi wa miradi walitoka mlango uleule uliotokea wewe.

Kwa hiyo barua tatu zina sababu tatu, na hakuna hata moja iliyoandikwa baada ya mtu kusoma kazi yako. Hata hivyo hatutakwambia hazifanani kabisa. Mara zote tatu mshahara wako ulitoka mfuko mmoja, ulio mbali, wa mtu ambaye hakitumii unachokitengeneza. Mkulima hakuwa analipa gharama halisi. Muuguzi aliyekuwa akijaza takwimu hakuwa analipa chochote. Mwenye mfuko akigeuza shingo, ubora wa mfumo haukusaidii. Hilo unaweza kulibadilisha.

Kuhusu kuganda: hizo kozi nne zifute leo. Kozi haina mteja wala siku ya kwisha, na kila ukiiacha inakuongezea ushahidi dhidi yako. Kinachorudisha mkono ni kazi ndogo yenye mtumiaji mmoja unayemwona uso na yenye mwisho. Mke wako ni mwalimu, na hakuna shule isiyo na kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Omba daftari lao la hisa na mikopo, utengeneze kitu kinachofanya mambo mawili tu: kinarekodi nani katoa nini, na kinaonyesha deni la kila mmoja. Fanya dakika 50 asubuhi, halafu funga hata kama kazi imenoga. Ukiacha katikati ya sentensi, kesho unajua pa kuanzia. Fungua folda mpya na usichukue msimbo wa waajiri wa zamani, huo ni mali yao kwa mkataba. Siku kumi zinatosha. Mwalimu mmoja akikupigia kulalamika kwamba jina lake limekosewa, hapo ujue una mtumiaji.

Na tukuombe jambo: kama usingizi umekata zaidi ya wiki mbili, chakula hakipiti, au kuna mawazo ya kujiumiza, usingoje kikoba. Mwambie mke wako, na nendeni hospitali ya Mawenzi au KCMC mkaulizie kliniki ya afya ya akili. Fundi akiumwa mgongo haendi kuongeza kozi.

Sasa kazi yenye malipo. Uko chini ya mlima ambao makampuni yake mengi ya kupandisha wageni bado yanaandika bei kwa Excel, usiku, na mtu mmoja. Nenda ukae naye nusu siku na saa mkononi. Utaona hivi: mgeni anaandika kutoka Ujerumani, watu 8, njia ya Machame, siku 6. Mwandishi anafungua faili la kundi lililopita, anabadilisha majina. Kuna kiingilio cha hifadhi kwa siku, ada ya kambi kwa usiku, ada ya uokoaji, VAT ya asilimia 18, malipo ya waongozaji, mpishi na wapagazi. Idadi ya wapagazi inategemea uzito, kwa sababu mpagazi mmoja hatakiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Mgeni anajibu: tufanye siku 7. Mwandishi anaongeza siku ya kiingilio, anasahau usiku wa kambi. Ada nane za kambi zimetoka mfukoni mwa mwenye kampuni, naye atagundua getini. Mgeni mwingine anataka Marangu, ambako watu wanalala kwenye vibanda na ada yake ni nyingine, lakini faili lilikuwa la mahema.

Hicho ndicho cha kutengeneza, na wengi hukosea hapa: wanaziandika ada ndani ya programu. Ziweke kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza kutumika, kwa sababu ada za serikali mara nyingi hubadilika Julai 1, na safari inayouzwa Machi inaweza kupandwa Agosti. Mfumo upige hesabu kwa tarehe ya kupanda, si tarehe ya kuandika bei. Kosa la pili ni kukubali kila ombi. Mwenye kampuni akionja atataka tovuti, mishahara, picha za simba. Andika kwenye mkataba wa ukurasa mmoja: bei ya safari na ankara, marekebisho mara mbili, basi. La tatu ni pasipoti za wageni zinazozagaa WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 1, 2023, na kampuni inayokusanya taarifa hizo inatakiwa kujisajili kwenye Tume yake. Ukiwaeleza hilo kwa utulivu watakusikiliza kuliko ukiwasifia programu yako.

Nenda lini? Msimu ukichanganya, mwenye kampuni ana pesa na hana muda. Masika ana muda na hana pesa. Novemba, mvua za vuli zinaponyesha na kabla wageni wa Krismasi hawajafika, ana vyote viwili kidogo. Maliza kikoba Oktoba, Novemba ubishe hodi.

Taja bei kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja au kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni, hata kama mteja wako anaishi kwa dola. Kazi kama hiyo usiichukue chini ya 1,500,000: 600,000 unapoanza, 600,000 mfumo ukishatoa bei kumi za kweli, 300,000 baada ya siku 30. Kisha 60,000 kila mwezi ya kuutunza na kubadilisha ada. Uwe na TIN, namba ya mlipakodi, ya biashara, na usishangae mteja akikata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Katika 1,500,000 ni 75,000; dai cheti chake, kitapunguza kodi yako ya mwaka. Makampuni matano ya namna hii ni 300,000 kwa mwezi. Bado si mshahara, lakini mmoja akikuacha unapoteza 60,000, hakuna atakayekuzimia taa zote kwa barua pepe ya mistari minne.

Wakati huohuo omba ajira. Nafasi za afisa TEHAMA serikalini hutangazwa kwenye Ajira Portal, na kwa mtu aliyechoka kama wewe si za kudharau. Arusha kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, kuna vyuo, hospitali, viwanda. Kote kuna mifumo inayohitaji mtu. Kwenye wasifu weka mwezi na mwaka wa kila kazi, na mbele yake maneno mawili au matatu: "mradi ulifungwa", "kampuni ilipunguza watu". Usizibe mapengo kwa vyeo vya kubuni. Chini ya kila kazi andika ulichokijenga na kiasi: vituo vingapi vilituma ripoti, malipo mangapi kwa siku. Wapigie wakuu wako wa zamani mkaweke tarakimu sawa kabla hazijasahaulika, na hapohapo waombe wawe wadhamini. Katika usaili, swali la kazi tatu lijibu kwa pumzi moja, sababu tatu kama tulivyozipanga hapo juu, bila kumsema mtu, kisha nyamaza. Wengi huharibu kwa kuendelea kujieleza.

Nawe uwaulize. Mshahara huu unatoka kwa wateja, wawekezaji au wafadhili? Pesa mliyonayo inafika mwezi gani? Mradi unaisha tarehe ngapi? Mteja mkubwa kuliko wote anachangia kiasi gani cha mapato? NSSF mnapeleka? Mwajiri mzuri hujibu. Akichukia, umepata jibu. Ukichukua tena kazi ya nje, dai notisi ya siku 30 iandikwe kwenye mkataba na malipo yawe mara mbili kwa mwezi, ili siku wakifunga akaunti uwe unawadai wiki mbili tu.

Umebaki na Desemba. Wakikuuliza mezani, sema: mradi ulifungwa Agosti pesa za Wamarekani ziliposimama, sasa natengeneza mifumo ya makampuni ya mlima. Ni kweli tupu, na hapo Marangu hakosi ndugu au jirani anayepandisha wageni. Muulize huwa anaandikaje bei zake.